DAKTARI MKIMBIZI ALIYEWAINUA WALIOVUNJIKA MGONGO
Maisha ya Ludwig Guttmann (1899–1980)



Katika ukurasa huu tumezoea kuwasimulia habari za wachungaji, wamisionari na mashahidi wa imani. Safari hii tunawaletea maisha ya daktari mmoja ambaye hakuwa Mkristo. Alikuwa Myahudi, na alikuwa mkimbizi kama sisi. Tumemchagua kwa sababu wengi wetu tunamjua mtu aliyelala nyuma ya pazia tangu vita. Risasi ilimpata mgongoni, au alianguka vibaya siku ile ya kukimbia, na tangu hapo miguu yake haisikii kitu. Watu wanaingia kumsalimu, wakitoka nje wananong'ona kwamba huyu anangoja siku yake tu. Ludwig Guttmann aliyasikia maneno ya namna hiyo akiwa kijana mdogo, na hakuyakubali mpaka kufa kwake.

Alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, jimbo la Silesia, ambalo wakati ule lilikuwa Ujerumani na leo liko Poland. Angali mtoto, wazazi wake walihamia Königshütte, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, akajitolea kuwa msaidizi katika hospitali ya wachimbaji waliopata ajali. Siku moja akaletwa mchimbaji, kijana mwenye nguvu zake, aliyevunjika uti wa mgongo. Wakamfunga plasta ngumu, wakamtenga nyuma ya pazia. Guttmann alipoanza kuandika habari za mgonjwa huyo, daktari akamwambia asijisumbue, kwani baada ya wiki chache atakuwa amekufa. Na kweli, hazikupita wiki nyingi akafa. Kijana yule alikaa katika mawazo ya Guttmann miaka yote iliyofuata.

Hapa inafaa tueleze jambo, maana habari yote inasimama juu yake. Ndani ya uti wa mgongo mnapita mishipa ya fahamu inayochukua habari kati ya ubongo na mwili. Ikikatika, sehemu ya chini haisikii wala haitii. Mtu mzima akilala hujigeuza usiku kucha bila kujua, kwa sababu mwili unamwambia kwamba upande huu umechoka. Aliyevunjika mgongo haambiwi kitu. Analala upande mmoja saa nyingi, uzito wake unaibana ngozi kati ya mfupa na kitanda, damu haipiti, nyama inakufa na kuwa kidonda. Kidonda kinachimba hadi mfupa. Kibofu nacho hakijui kwamba kimejaa, mkojo unabaki ndani, unaingia vijidudu, figo zinaharibika. Katika Vita Kuu ya Kwanza, karibu wanane kati ya kila askari kumi wenye majeraha kama hayo walikufa, wengi wao kwa vidonda na mkojo. Kwa hiyo mara nyingi risasi haikuwa imemuua mtu. Alikufa kwa kulazwa na kuachwa.

Guttmann akasomea udaktari Breslau na Freiburg, akamaliza mwaka 1924. Alipata bahati ya kufanya kazi chini ya Profesa Otfrid Foerster huko Breslau, mmoja wa mabingwa wakubwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu wakati ule. Kijana huyu alipanda haraka, hata akawa msaidizi wa kwanza wa profesa. Alioa mke aitwaye Else, wakapata watoto wawili, Dennis na Eva.

Ndipo mwaka 1933 Hitler akashika utawala. Wayahudi wakafukuzwa katika hospitali za umma, na Guttmann naye akafukuzwa. Akaenda kufanya kazi katika Hospitali ya Kiyahudi ya Breslau, na mwaka 1937 akawa mkurugenzi wake. Alikuwa na nafasi za kwenda nchi za nje, lakini alibaki. Alidhani utawala ule hautadumu. Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tulifikiri hivyo hivyo, tukasema tusubiri kwanza, tuvune mihogo, mambo yatatulia?

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, katika Ujerumani yote, wafuasi wa Hitler walichoma masinagogi, wakavunja maduka ya Wayahudi na kuwakamata wanaume kwa maelfu. Breslau nayo iliwaka moto. Guttmann akatoa amri hospitalini kwake: yeyote atakayefika mlangoni usiku huo apokewe na alazwe, asiulizwe kitu. Wakaingia watu 64. Asubuhi ikaja Gestapo, yaani polisi wa siri, kutaka kujua kwa nini wagonjwa wameongezeka kiasi hicho kwa usiku mmoja. Guttmann akawatembeza kitanda kwa kitanda. Kwa kila mtu alikuwa na ugonjwa wa kumtajia, huyu moyo, yule kichwa, mwingine mishipa, na wale waliolala wakajitahidi kuonekana wagonjwa. Katika 64 hao, 60 waliokolewa wasipelekwe kambi za mateso. Wanne walichukuliwa.

Sisi waandishi wa ukurasa huu tulijadiliana kama yale aliyowaambia polisi ni uongo, na kama ni dhambi. Mmoja wetu akakumbusha wakunga wa Kiebrania mbele ya Farao, na mjadala ukaishia hapo.

Baada ya usiku ule Guttmann alijua kwamba hakuna tena kusubiri. Mlango ulifunguka kwa njia ya ajabu. Mwezi Desemba 1938 serikali ya Wanazi yenyewe ilimpa hati ya kusafiri ili aende Ureno kumtibu rafiki wa Salazar, mtawala wa nchi ile. Wakati wa kurudi akapitia Uingereza, na huko chama kilichowasaidia wasomi waliokimbia kikamtafutia kibali. Akarudi Ujerumani kuchukua familia. Mwezi Machi 1939 baba, mama na watoto wawili walifika Uingereza. Vita vilianza mwezi Septemba mwaka huo huo. Wayahudi waliobaki Breslau walisafirishwa miaka iliyofuata kwenda kuuawa.

Walikaa Oxford. Mkuu wa chuo cha Balliol aliwapokea nyumbani kwake kwa muda, na chama kile kikatoa fedha kidogo za kujikimu. Lakini hali ya mkimbizi tunaijua. Mtu aliyekuwa mkurugenzi wa hospitali alipewa kazi ya utafiti, na wagonjwa wake mwenyewe hakuwa nao tena. Lugha ilikuwa ngeni. Zaidi ya hayo, nchi hizo mbili zilipoanza kupigana, Mjerumani aliyekuwa Uingereza alihesabiwa kuwa mtu wa nchi adui, hata kama Mjerumani huyo alikimbia kuuawa na Wajerumani. Miaka ikapita, 1939, 1940, 1941, 1942. Guttmann akaendelea kufanya utafiti juu ya mishipa ya fahamu na kungoja.

Mwaka 1943 serikali ya Uingereza ilikuwa ikijiandaa kuvusha majeshi kwenda Ufaransa, na ilijua kwamba majeruhi watakuwa wengi. Wale wa uti wa mgongo walionekana mzigo usio na tumaini, na madaktari wakubwa hawakuitamani kazi hiyo. Wakamwendea mkimbizi. Akakubali, kwa sharti moja: aachwe afanye kazi kwa njia yake mwenyewe bila kuingiliwa. Tarehe 1 Februari 1944 kituo kilifunguliwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Ilikuwa hospitali ya mabanda yaliyojengwa haraka kwa ajili ya vita. Alipewa vitanda 26, na alianza na mgonjwa mmoja. Wauguzi walikuwa wachache, na wengi wa wasaidizi walikuwa askari ambao hawakuwahi kufundishwa kazi hiyo.

Alifanya nini? Watu wakisikia kwamba daktari fulani aliwaokoa waliopooza, hufikiri alipata dawa mpya au upasuaji wa ajabu. Penisilini ilikuwa imeanza kupatikana, nayo ilisaidia. Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa ya mikono, tena ya kuchosha. Kwanza alivunja zile plasta ngumu zilizokuwa zikiozesha watu ndani. Kisha akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kuruka hata mara moja. Watu kadhaa walimshika pamoja, mwili ukiwa umenyooka, wakamgeuza ubavu wa kushoto, baadaye chali, baadaye wa kulia, na mito ikawekwa ili mfupa usiguse kitanda. Ngozi ikaangaliwa kila siku, kwenye visigino, nyonga, makalio na chini ya mgongo. Palipoonekana wekundu, hapalaliwi tena mpaka papone. Mkojo ukatolewa kwa mpira safi, kwa mikono safi, na kwa muda mrefu hakumruhusu mtu asiyefundishwa kugusa kazi hiyo.

Wasaidizi walimwogopa. Alikuwa mkali, mwenye sauti kubwa na lafudhi ya Kijerumani, naye alikuja usiku wa manane bila taarifa kuona kama mgonjwa wa kitanda cha mwisho amegeuzwa. Aliyekutwa amezembea aliyasikia maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Wagonjwa nao walilalamika, maana mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba anakufa hapendi kuamshwa kila saa mbili. Lakini vidonda vikaanza kufunga. Homa zikashuka. Wiki zilizotajwa zikapita na watu hawakufa. Baada ya muda wagonjwa wakampa jina la Poppa, yaani Baba.

Kisha likaja swali la pili, nalo ndilo lililomfanya awe tofauti na madaktari wengine. Mtu hakufa, vema. Sasa aishi vipi? Guttmann hakutaka mtu anenepe kitandani akingoja uji. Alitaka aondoke hospitalini, arudi nyumbani, afanye kazi na alipe kodi kama wengine. Kwa hiyo asubuhi wagonjwa walivalishwa nguo, wakakalishwa, wakafundishwa kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu kwa nguvu za mikono. Ikafunguliwa karakana. Wengine walifanya useremala, wengine kutengeneza saa, wengine kupiga chapa. Askari ambao ndugu zao walikuwa wamekwisha kuwalilia walitoka pale wakaajiriwa.

Michezo iliingia karibu kwa bahati. Siku moja aliwakuta wagonjwa uani, wakiwa kwenye viti vyao, wanagombania kitu cha duara kwa fimbo walizozishika kichwa chini, huku wakipiga kelele kama watoto. Daktari mwingine angewarudisha vitandani. Yeye aliona jasho, mikono inayofanya kazi na nyuso zinazocheka, akaifanya michezo kuwa sehemu ya matibabu, nayo ikawa lazima. Mchezo ule wa fimbo uliwaumiza, wakauacha, wakaingia mpira wa kurusha kikapuni. Upinde na mishale aliupenda sana, kwa sababu unaimarisha mabega na mgongo wa juu, na kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kiti anaweza kumshinda anayesimama.

Tarehe 29 Julai 1948 michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London kwa shangwe kubwa. Siku hiyo hiyo, kwenye nyasi za Stoke Mandeville, watu 16 waliokaa kwenye viti, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kwa upinde. Ilikuwa timu mbili tu, ya kituo chake na ya nyumba nyingine ya askari walemavu. Guttmann alianza kusema kwamba siku moja mashindano hayo yatakuwa Olimpiki ya walemavu, na bila shaka wapo waliomwona anaota. Mwaka 1952 wakaja askari wa zamani kutoka Uholanzi, yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 yakafanyika Roma, baada ya Olimpiki ya mji huo huo, washindani 400 kutoka nchi 23.

Katika hao 400 alikuwapo mwanamke mmoja ambaye habari zake zinaigusa nchi hii tunayoishi. Margaret Maughan alikuwa mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi hapa Malawi, wakati ikiitwa Nyasaland. Mwaka 1959 alipata ajali ya gari, akavunjika uti wa mgongo, akasafirishwa hadi Stoke Mandeville kwa Guttmann. Humo ndimo alimofundishwa upinde. Mwaka mmoja tu baadaye alikuwa Roma. Alipomaliza kurusha mishale yake hakujua amepata nafasi gani, akapanda basi pamoja na wenzake, na wakaja watu kumtafuta humo kwenye basi kwamba ashuke akachukue medali yake. Ilikuwa dhahabu, ya kwanza kwa Uingereza katika mashindano hayo. Tarehe 29 Agosti 2012, akiwa mama mzee, ndiye aliyewasha mwenge mkuu wa Paralimpiki London. Alifariki mwaka 2020.

Tusimpambe Guttmann kupita kiasi. Alipenda kutawala, na waliofanya kazi naye walilijua hilo. Kwa miaka mingi mashindano yake yalikuwa ya waliovunjika mgongo, na waliokatwa viungo na wasioona hawakuingia mpaka mwaka 1976, huko Toronto. Kwetu sisi, ambako mabomu ya ardhini na mapanga yamewaachia watu mikono na miguu iliyokatika, tunaona huo ulikuwa muda mrefu wa kungoja.

Nchi iliyompokea ilimfanya raia mwaka 1945, na mwaka 1966 Malkia Elizabeth alimpa cheo cha Sir. Alistaafu katika miaka hiyo lakini hakutulia nyumbani, akasafiri kuwahimiza madaktari wa nchi nyingine kufungua vituo kama chake. Huko Barcelona kilifunguliwa kimoja mwaka 1965 kinachoitwa kwa jina lake. Mwaka 1979 alishikwa na ugonjwa wa moyo, na tarehe 18 Machi 1980 akafa, akiwa na miaka 80. Kituo cha Stoke Mandeville bado kinapokea watu waliovunjika uti wa mgongo.

Ndugu msomaji, makazini kwetu hatuna Stoke Mandeville. Viti vya magurudumu ni vichache, navyo magurudumu yake hayapendi mchanga na mawe ya njia zetu. Mpira wa mkojo ni kazi ya zahanati, mtu asijaribu mwenyewe bila kuonyeshwa na muuguzi. Lakini kugeuza mtu kila baada ya saa mbili kunahitaji mikono, mto, au nguo kuukuu zilizokunjwa vizuri, na mtu wa kuamka. Mama mmoja peke yake hawezi, atachoka baada ya wiki moja. Yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini mbele ya Yesu alibebwa na watu wanne. Majirani wanne wakigawana usiku, kila mmoja anaamka mara moja au mbili. Anayegeuza achukue taa na aangalie ngozi, maana mgonjwa mwenyewe hatasikia maumivu. Akiona wekundu usioondoka au ngozi iliyofunguka, asingoje harufu, aende zahanati kesho yake.

Mwaka 2021, katika Paralimpiki ya Tokyo, kulikuwa na timu ya wakimbizi ya watu sita. Mmoja wao aliitwa Parfait Hakizimana, Mrundi. Mwaka 1996, akiwa mtoto, kambi waliyokuwa wamekimbilia ilishambuliwa. Mama yake aliuawa, na yeye risasi ikauharibu mkono wake wa kushoto. Alikwenda Tokyo kushindana katika taekwondo akitokea kambi ya Mahama, Rwanda, alikokuwa akiishi na kuwafundisha watoto wa kambi mchezo huo.